Kivuli Kilipita Kusini Kwangu

Jumanne

Tunaondoka watu wanne, magari mawili na darubini sita. Tunachokifuata ni asteroidi isiyo na umaarufu wowote, jiwe lenye upana wa kilomita 40 hivi linalozunguka Jua kati ya Mirihi na Mshtarii. Usiku wa kuamkia Jumapili litapita mbele ya nyota moja hafifu katika kundi la Mashuke. Nyota hiyo ina mwangaza wa 10.8, kwa kipimo ambacho namba ikizidi mwanga unapungua, kwa hiyo macho matupu hayaioni, ila darubini ya sentimita 20 inaipata bila taabu. Jiwe lenyewe ni hafifu zaidi, 14.6. Litakapoikinga nyota, kamera itaona mwanga ukishuka hadi asilimia 3 hivi ya ule wa kawaida, na baada ya sekunde mbili au tatu utarudi. Basi. Kwa ajili ya hizo sekunde mbili tatu ndiyo tumejaza magari betri, nyaya na maturubai.

Kwa asiyezoea mambo haya, hesabu yake si ngumu. Nyota iko mbali mno hata miale yake inatufikia ikiwa sambamba, kwa hiyo kivuli cha jiwe kinachoanguka duniani kina upana uleule wa jiwe. Kivuli hicho safari hii kitafagia ardhi kwa kasi ya kilomita 15 kwa sekunde. Ukiwa ndani ya njia yake, nyota inazimika. Pima imezimika kwa muda gani, zidisha kwa kasi, na umepata urefu wa jiwe katika mstari mmoja, ule uliokupitia wewe. Mtu mmoja hawezi kupata zaidi ya mstari mmoja. Lakini watu wakijipanga kuikata njia kama meno ya kitana, mistari yao ikiwekwa pamoja inatoa umbo la kitu kilicho umbali wa kilomita milioni 270, kitu ambacho kwenye darubini zetu ni nukta tu.

Jioni tumegawana vituo. Mstari wa katikati ya njia tumeuita sifuri. Kuna vituo viwili upande wa kusini, kilomita 16 na kilomita 8, kimoja kwenye sifuri, viwili kaskazini kwa umbali uleule, na cha sita kilomita 21 kaskazini. Ukingo wa kivuli uliotabiriwa uko kilomita 20. Hicho cha 21 nimepewa mimi.

Nimemwuliza kiongozi wetu, mwalimu mstaafu wa fizikia, kama kweli nisafiri umbali wote huu kwenda kukaa nje ya kivuli.

"Ndiyo, kijana wangu," akanijibu huku akifunga kamba za mzigo. "Tukiwa wote ndani, tutajuaje jiwe linaishia wapi?"

Nimemwelewa. Kuridhika ni jambo lingine.

Jumatano

Barabara kutwa nzima. Nimepanda gari la Mwalimu, na Mwalimu akishika usukani haachi kusimulia.

Anasema mara ya kwanza watu kuona asteroidi ikiikinga nyota na kuipima ilikuwa tarehe 19 Februari 1958, huko Malmö, Sweden. Watazamaji walikuwa wawili na asteroidi ilikuwa Juno. Miaka mingi baada ya hapo, kazi hii ilikuwa bahati nasibu. Nafasi za nyota hazikujulikana vizuri, na utabiri wa njia uliweza kukosea kwa mamia ya kilomita. Watu walijipanga, wakakaa usiku kucha, na kivuli kikapita nchi ya jirani. Yalikuwepo mafanikio makubwa pia: tarehe 29 Mei 1983, Pallas ilipoikinga nyota moja inayoonekana kwa macho, zaidi ya vituo 100 huko Amerika Kaskazini vilifanikiwa kuipima.

Enzi hizo wengi walitumia jicho, saa ya kubonyeza na redio iliyotoa mlio wa saa. Mwalimu naye alianza hivyo. Jicho linaona, ubongo unaamua, kidole kinabonyeza: hapo theluthi ya sekunde imekwenda. Kwa kivuli cha kilomita 15 kwa sekunde, theluthi hiyo ni kilomita tano za jiwe zilizopotea. Leo kamera inapiga picha 25 kwa sekunde, na kila picha inagongwa muhuri wa saa kutoka kwenye setelaiti za GPS. Kosa limebaki kama mita 600.

Kilichobadilisha mchezo hasa ni Gaia, setelaiti ya Ulaya iliyorushwa Desemba 2013. Orodha zake za nyota zilizotolewa 2016, 2018 na 2022 zimeweka nafasi za nyota zaidi ya bilioni moja kwa usahihi ambao kizazi cha Mwalimu hakikuuota. Njia ya usiku wa Jumamosi ina shaka ya kilomita tatu hivi upande huu au ule. Ndiyo maana inawezekana kumwambia mtu akae kilomita moja tu nje ya ukingo na neno hilo likawa na maana. Zamani ungemwambia hivyo, angeweza kujikuta katikati kabisa ya kivuli, au asiwe karibu nacho hata kidogo.

Tumefika gizani. Sina la zaidi kuhusu leo, mgongo unauma.

Alhamisi

Siku ya kutafuta viwanja. Ramani ya njia tunaitoa kwenye Occult, programu ya Dave Herald wa Australia, na vituo tumeviandikisha kwenye OccultWatcher ya Hristo Pavlov, ambako kila mtu anaona wenzake watakaa mstari gani ili wawili wasirundikane pamoja. Wanaastronomia wa ridhaa wamejijengea vyombo hivi wenyewe na vinatolewa bure. Watafiti wa vyuo vikuu nao wanavitumia.

Kuna jambo moja ambalo mgeni huchelewa kulizoea. Njia ya safari hii inakwenda karibu moja kwa moja kutoka magharibi kwenda mashariki. Ukisogeza kituo kilomita tano mashariki, hujaharibu kitu: mstari ni uleule, ila kivuli kitakuchelewea sehemu ya sekunde. Ukikisogeza mita 500 kaskazini, umehamia mstari mwingine. Kwa hiyo tunapotafuta kiwanja tunahangaika na latitudo tu. Mwinuko wa ardhi nao unahesabiwa, kwa sababu nyota haiko utosini, na mahali pa juu kivuli hupita kando kidogo ya pale kinapopita chini yake.

Kiwanja changu kimepatikana kwenye shamba lililopumzishwa. Udongo mgumu, hakuna taa, upande wa nyota hakuna mti wala kilima. Mwenye shamba alitukuta tumeinama juu ya kifaa cha GPS.

"Mnatafuta madini?"

"Hapana, mzee. Tunatafuta kivuli."

Akatutazama. "Cha usiku?"

Mwalimu akamchorea chini kwa kijiti: nyota kule, jiwe hapa, sisi huku. Mzee akafuatilia kwa makini kuliko nilivyotegemea, kisha akauliza swali ambalo wengi hawaliulizi: jiwe likipita mbele ya nyota, mnajuaje kwamba si wingu? Mwalimu alifurahi sana. Wingu hufifisha nyota zote za jirani kwa pamoja, na hufanya hivyo polepole. Jiwe huikata moja tu, tena ghafla, na zilizo kando zinabaki kama zilivyo. Ruhusa tukapewa, kwa sharti kwamba tufunge lango la mifugo kila tunapopita.

Ijumaa

Mazoezi. Dada yetu fundi wa redio ndiye bingwa wa vituo visivyo na mtu, na mchana nimekaa naye nikimtazama anavyoviandaa.

Darubini ya kituo cha namna hiyo haina mota. Unaielekeza mapema mahali ambapo nyota itakuja kupita yenyewe, kwa kuwa dunia inazunguka na anga lote linatembea. Anachagua nyota angavu iliyo umbali uleule kutoka ikweta ya anga (mstari wa angani ulio juu ya ikweta ya dunia) kama nyota yetu, ila imeitangulia. Ya safari hii imetangulia dakika 47. Anaiweka katikati kabisa ya kioo cha kamera, anakaza skrubu zote, kisha anaondoa mikono na haruhusu mtu hata kuegemea meza. Baada ya dakika 47, toa sekunde nane hivi kwa sababu anga humaliza mzunguko wake mapema kidogo kuliko saa zetu, nyota yetu inaingia palepale ilipokuwa ile ya kwanza. Kwa maana hiyo kesho ni lazima awe amekaza skrubu ya mwisho saa 6:54:28 usiku. Akikawia dakika moja tu, nyota ya kuelekezea itakuwa imeshateleza nusu ya upana wa Mwezi mpevu.

Faida yake ni kwamba akishamaliza hapo anaingia garini na kwenda kuendesha kituo chake kingine, kile cha kilomita 8 kusini. Kijana wetu wa kompyuta atafanya vivyo hivyo upande wa pili. Watu wanne, vituo sita.

Usiku mawingu yalikuja saa tatu na hayakuondoka. Tulikaa chini ya turubai tukifanya mazoezi ya kuwasha na kuzima kamera bila kuona nyota hata moja. Ndipo mtu akakumbusha habari ya tarehe 20 Machi 2014, asteroidi Erigone ilipotabiriwa kuikinga Regulus, ile nyota angavu ya kundi la Simba inayoonekana na kila mtu. Njia ilipita juu ya New York na Ontario, mahali penye watu wengi mno, watu waliombwa watoke nje watazame tu kwa macho. Mawingu yakafunika eneo zima. Nadhani aliyeileta habari hiyo alitaka kutufariji, lakini saa ile haikufariji.

Jumamosi

Asubuhi anga lilikuwa limepasuka vipande. Kufikia alasiri upande wa kaskazini ulikuwa safi, kusini bado kuna vibandiko vya mawingu vinavyotembea. Mwalimu alitazama picha za setelaiti mara nyingi kuliko alivyokubali. Atakaa kwenye sifuri, mstari wa katikati, kiti cha heshima.

Saa mbili usiku nilikuwa nimeshasimamisha darubini. Mwezi ulikuwa umetua. Umande ulianza mapema, nikafunga ule mkanda wa joto kuzunguka mdomo wa darubini. Lensi ikipata umande, nyota zinavimba kwanza, kisha zinafifia, kisha huna kitu. Kuifikia nyota yenyewe nilitoka kwenye nyota angavu ya Mashuke nikaruka kutoka nyota hadi nyota, kila hatua nikilinganisha na ramani iliyochapwa, hadi nikafika kwenye pembetatu ndogo yenye nyota ya nne iliyojitenga kidogo. Hiyo iliyojitenga ndiyo yetu. Niliizungusha ramani juu chini ili niwe na hakika, kwa sababu kurekodi nyota isiyo yake ni rahisi kuliko watu wanavyofikiri, na kwa mtu wa kituo cha nje hatari ni kubwa zaidi. Nyota isiyo yake nayo haitazimika, na hutajua.

Saa sita na nusu ujumbe ukaja kutoka kwa dada: anakaza skrubu. Saa saba kasorobo: bado anakaza. Saa saba: yuko barabarani.

Saa 7:39 niliwasha kurekodi. Utabiri ulisema 7:41:20. Tunaanza dakika mbili kabla na kuendelea karibu dakika tatu baada, na si kwa ajili ya tahadhari ya saa tu. Tarehe 27 Machi 2022, timu 26 zilisambazwa kuitazama Polymele, moja ya asteroidi ambazo Lucy, chombo cha anga cha NASA, kinazifuata. Timu 14 ziliona nyota ikizimika, na mbili zikaona pia kitu cha ziada, umbali wa kilomita 200 hivi na Polymele: mwezi wake mdogo, upana wa kilomita tano, ambao hakuna aliyejua upo. Pete za Chariklo, jiwe jingine linalozunguka Jua, zilipatikana kwa njia hiyohiyo mwaka 2013, nyota ilipofifia kwa kitambo kabla na baada ya kukingwa. Kwa kivuli cha kasi kama chetu, kilomita 200 ni sekunde 13 tu pembeni ya tukio lenyewe. Anayezima kamera mapema anaweza kuwa ameutupa mwezi.

7:41:00. Kwenye kioo cha kompyuta kuna nukta nne, chini yake tarakimu za GPS zinakimbia. Nyota yetu inachezacheza kidogo kama nyota zote zilizo nyuma ya hewa. Nilikuwa nasema kwa sauti kwenye kinasa sauti: ipo, ipo, ipo. Saa 7:41:18 ikapungua kidogo, moyo ukaruka, kisha ikapanda na zile tatu za jirani zikashuka, hewa tu. 7:41:20. Ipo. 7:41:23. Ipo. 7:41:30, ipo, na kwa wakati huo kivuli, kama kipo, kiko kilomita 150 mashariki yangu.

Niliendelea hadi 7:44. Nyota haikufanya lolote.

Simu ikaanza kulia. Kijana: "IMEZIMIKA!! kama sekunde tatu hivi." Dada: "Nimepata. Safi kabisa." Mwalimu aliandika neno moja, "Wingu."

Jumapili

Tumelala kwa muda wa saa tatu tu, kisha tukaenda kukusanya darubini zilizoachwa peke yake. Ya kilomita 16 kusini ilikuwa imelowa umande kama imenyeshewa. Tulidhani imekufa, lakini video ilipofunguliwa nyota ilikuwa bado inaonekana, chafu, na katikati yake pengo lisilo na ubishi.

Kutwa tumeshinda na Tangra, programu inayopima mwanga wa nyota picha baada ya picha. Kituo cha kilomita 16 kusini kimetoa sekunde 2.1. Cha 8 kusini, 3.0. Sifuri hakuna kitu: wingu la Mwalimu lilifika dakika nne kabla na kuondoka dakika sita baada. Cha 8 kaskazini, 2.9. Cha 16 kaskazini, 2.3. Hakuna mwezi, hakuna pete, angalau katika mistari yetu.

Kijana akazigeuza sekunde kuwa kilomita na kupitisha umbo la yai juu ya mistari minne. Liliingia vizuri: kilomita 47 mashariki hadi magharibi, 45 kaskazini hadi kusini, kubwa kidogo kuliko zile 40 za awali. Kisha akauongeza mstari wa tano, wangu, na hapo kikao kikachangamka. Kwa umbo lile la yai, kwenye kilomita 21 kaskazini nilipaswa kuwa ndani. Nyota yangu ilitakiwa izimike kwa zaidi ya sekunde moja.

Kwa saa nzima iliyofuata mimi ndiye niliyekuwa kizimbani, na ni haki yao. Je, ni nyota yenyewe? Dada alilaza picha yangu juu ya picha yake, pembetatu ikakaa sawasawa. Saa je? Muhuri wa GPS haukuruka hata picha moja. Je, kelele za hewa zinaweza kuficha tukio? Sekunde moja na kidogo ni picha 28 mfululizo zenye asilimia 3 tu ya mwanga. Kwangu mwanga ulipungua katika picha moja moja, tena kwa sehemu ndogo, na nyota za jirani nazo zilipungua hivyohivyo. Latitudo ya kiwanja? Tuliisoma tena kutoka kwenye kifaa na kutoka kwenye video, zikalingana.

Kwa hiyo jiwe halifiki pale. Kilomita 16 kaskazini bado lina upana wa kilomita 34, na kufikia kilomita 21 halipo kabisa. Upande wake wa kaskazini umekatwa butu. Inaweza kuwa bonde la mgongano wa kale lililoonekana kwa ubavu, inaweza kuwa ndivyo lilivyovunjika kutoka jiwe kubwa zaidi. Kijana alitaka tuandike bonde, Mwalimu akakataa: andika ulichopima. Hata hivyo ndiye aliyetaja Arrokoth, kile kitu cha mbali ambacho timu zilizojipanga Argentina Julai 2017 zilikiona kwa vivuli tu kuwa kama mawe mawili yaliyogusana, na chombo cha New Horizons kilipokifikia tarehe 1 Januari 2019 kikakuta ni hivyohivyo. Nikaona na yeye anatamani bonde.

Jumatatu

Tunarudi. Ripoti zimetumwa asubuhi kabla ya kufunga mizigo. Fomu ya aliyekosa kivuli ni ileile ya aliyekipata: latitudo, longitudo, mwinuko, darubini, kamera, ulianza saa ngapi, uliishia saa ngapi, hali ya hewa. Kwenye safu ya tukio unaandika kwamba halikutokea. Mratibu akishazikagua, vipimo vitaunganishwa na vingine na mwishowe kuingia kwenye hifadhi ya data za sayari ya NASA, ambako mtu yeyote anayeshughulikia asteroidi anaweza kuvichukua. Mwalimu naye ametuma yake. Wingu linaandikwa pia, ili asije mtu akadhani mstari wa sifuri haukuwa na mtazamaji.

Njiani tumezungumzia kusini. Kule hatukuwa na mtu wa nje. Mstari wa mwisho, kilomita 16 kusini, una urefu wa kilomita 31 na nusu, na kutoka hapo ukingo ni yai la kompyuta tu, ambalo kaskazini limeshatudanganya. Jiwe hili litaikinga nyota nyingine siku moja, likiwa limegeuza ubavu mwingine, na njia itapita kwingine kabisa. Dada anasema zile mbili zisizo na mtu zinaweza kuwa nne zikipatikana betri nyepesi. Kwa darubini nane tunaweka mbili nje, moja kila upande, na Mwalimu anataka ya kusini ikae mbali zaidi ya ukingo, kilomita tatu au nne. Kijana anasema kilomita mbili zinatosha. Tulikuwa bado tunabishania hilo tulipopita lango la mifugo, nikashuka kulifunga.